Imakulata: Jina la Kiitalia Lililopanda Nile hadi Arua

Mwezi Mei 1917 Papa Benedikto wa 15 alitangaza mkusanyo mpya wa sheria za Kanisa Katoliki. Kanuni ya 761 ilimtaka paroko ahakikishe kwamba kila anayebatizwa anapewa jina la Kikristo. Wazazi wakishikilia jina lao la nyumbani, paroko aongeze mwenyewe la mtakatifu, kisha ayaandike yote mawili katika kitabu cha ubatizo. Mwaka huohuo, mbali kabisa na Roma, wamisionari wa Verona walifungua misheni Moyo, magharibi ya mto Nile, na baadaye wakasogea hadi kilima cha Ediofe, kando ya mji mchanga wa Arua. Kwa hiyo Walugbara na Wakakwa wa kwanza waliobatizwa na mapadri hao waliikuta sheria imekwisha pigwa chapa. Mama aliyempeleka binti yake Candiru kanisani alirudi nyumbani na Candiru yuleyule, ila sasa ana jina la pili, na mara nyingi jina hilo lilikuwa limetoka Italia.

Majina hayo yangalipo. Katika West Nile, eneo la Uganda lililo magharibi ya Nile, utakutana na akina Santina, Natalina, Assunta, Rosa na Concetta, na kwa upande wa wanaume akina Santino, Natale na Pasquale. Hapa nitafuata jina moja tu la kike, Immacolata, kwa sababu safari yake imeshikamana na safari ya misheni yenyewe, hatua kwa hatua, tangu Italia hadi Koboko, mpakani mwa Uganda.

Chimbuko lake ni Kilatini. Macula ni doa, na immaculata ni mwanamke asiye na doa. Waitalia wakalilainisha kidogo likawa Immacolata. Lakini msichana wa Kiitalia haitwi hivyo kwa sababu wazazi wake wanapenda usafi. Anaitwa hivyo kwa heshima ya Bikira Maria, na kwa fundisho moja mahususi ambalo Wakatoliki wa Kiswahili wamelipa maneno yao wenyewe: Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili. Wengi hudhani fundisho hilo linahusu jinsi Yesu alivyotungwa mimba bila baba wa duniani. Sivyo. Linamhusu Maria mwenyewe, akiwa tumboni mwa mama yake, ambaye mapokeo ya Kanisa humwita Anna. Linasema kwamba tangu dakika ya kwanza ya uhai wake Mungu alimkinga na dhambi ambayo wanadamu wote huirithi kwa Adamu. Ndiyo maana pacha wa jina Immacolata ni Concetta, yaani aliyetungwa mimba. Yote mawili yametoka katika sikukuu moja, ile ya tarehe 8 Desemba.

Wanateolojia walibishana juu ya jambo hilo kwa karne nyingi. Tomaso wa Akwino alilikataa. Yohane Duns Scotus, Mfransisko aliyefariki mwaka 1308, alilitetea kwa hoja kwamba kumkinga mtu asianguke ni wokovu mkubwa zaidi kuliko kumwinua aliyekwisha anguka. Hatimaye, tarehe 8 Desemba 1854, Papa Pius wa 9 alilitangaza kuwa fundisho la imani. Miaka minne baadaye, huko Lourdes nchini Ufaransa, msichana maskini Bernadette Soubirous alisema kwamba yule bibi aliyemtokea alijitambulisha kwa cheo hichohicho. Tangu hapo jina lilipata nguvu mpya. Lilishamiri hasa kusini mwa Italia, Napoli, Puglia na Sicilia, ambako kila familia ilikuwa na Immacolata wake au Concetta wake, na Desemba 8 ikawa siku ya kuwapongeza wote wenye jina hilo.

Mwezi uleule wa Desemba 1854, tarehe 31, kijana mmoja kutoka Limone, kando ya ziwa Garda, alipewa upadre. Aliitwa Daniele Comboni, na alikuwa na miaka 23. Mnamo Septemba 1857 mjini Roma ilizinduliwa nguzo ndefu yenye sanamu ya Immacolata juu yake, na ilisimamishwa mbele ya jumba la Propaganda Fide, ofisi iliyokuwa ikisimamia misheni zote za Kanisa duniani. Mwezi huohuo Comboni alianza safari yake ya kwanza ya Afrika. Sisemi kwamba mambo hayo yalipangwa pamoja. Ninachosema ni kwamba watu walioleta Ukatoliki Nile ya Juu walilelewa katika hewa hiyo. Immacolata kwao lilikuwa tangazo la jana, bado lina moto, si jambo la kale lililokutwa vitabuni.

Comboni hakuwa wa kwanza kupanda mto ule. Padri Angelo Vinco, naye wa Verona, aliishi miongoni mwa Wabari karibu na Gondokoro na kufia huko Januari 1853. Wabari ni jamaa wa damu na wa lugha wa Wakakwa, wenyeji wa Koboko. Kwa hiyo Mkakwa anapozungumza habari za misheni, anaweza kwa haki kuanza nyuma kidogo kuliko Mlugbara, kwa binamu zake. Lakini misheni zile za awali zilimezwa na homa. Comboni mwenyewe alifia Khartoum tarehe 10 Oktoba 1881, akiwa na miaka 50, na muda mfupi baadaye vita vya Mahdi vikafagia karibu kila alichojenga. Kilichobaki ni mashirika mawili aliyoyaanzisha Verona, la mapadri na mabruda mwaka 1867 na la masista mwaka 1872. Masista hao waliitwa Pie Madri della Nigrizia, Mama Wachaji wa Nigrizia, na ndio baadaye waliofundisha wasichana wa West Nile kusoma, kushona na kusali rozari.

Wamisionari waliporudi kusini walikuta ramani imebadilika. West Nile ilikuwa sehemu ya Eneo la Lado, alilokodishiwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Leopold alifariki Desemba 1909. Mwaka 1910 eneo likaangukia Sudani, na mwaka 1914 likahamishiwa Uganda, ndipo mkuu wa kwanza wa wilaya, A. E. Weatherhead, akaweka makao yake Arua. Mapadri walifika Omach, kando ya Nile, mwaka 1910, wakaingia Gulu 1911, na kutoka upande huo wakageukia magharibi. Waprotestanti wa Africa Inland Mission nao walifika Arua mwaka 1918 na kukaa Mvara. Mpaka leo jina la mtu wa Arua laweza kukudokeza babu yake alipanda kilima kipi, Ediofe au Mvara. Waliopanda Mvara walichukua zaidi majina ya Biblia yaliyopitia Kiingereza. Waliopanda Ediofe walichukua kalenda nzima ya watakatifu kwa matamshi ya Verona na Brescia.

Jina lile jipya lilikutana na majina gani? Hapa pana utajiri, na mtu akipaharakisha atakosa kiini cha habari.

Mwingereza John Middleton aliishi na Walugbara mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950, na mwaka 1961 aliandika katika jarida la Uganda Journal makala nzima juu ya majina yao. Alionyesha kwamba majina mengi ya Kilugbara huzungumzia kifo, umaskini, magomvi ya nyumba, na tabia mbaya za wazazi au majirani. Dra ni kifo, na neno hilo limo ndani ya majina mengi. Candi ni taabu: mvulana ataitwa Candia, msichana Candiru, kwa kuwa mwisho wa -ru ni wa kike. Yako pia majina ya nuru, kama Ayikoru kutokana na ayiko, furaha, na Letaru kutokana na leta, upendo. Lakini uzito uko kwenye yale machungu. Mtoto hubeba habari za siku aliyozaliwa. Mama aliyekuwa amezika watoto wawili, au aliyesemwa na wakwe zake, au aliyenyimwa chakula na mume mlevi, hakuwa na baraza la kusimama na kulalamika. Alilitia lalamiko lake katika jina la mtoto, na kijiji kizima kikawa kinalitamka kila siku, pamoja na yule aliyelalamikiwa.

Wakakwa wana njia nyingine. Kama Wabari, wana majina yanayofuata mpangilio wa kuzaliwa, na mtu akisikia Lado au Wani kwa wavulana, Poni au Keji kwa wasichana, anapata fununu ya nafasi ya mtoto nyumbani. Na Koboko, mji wa Wakakwa, wa Wanubi na wa Uislamu wa tangu siku za askari wa Sudani, majina ya Kiarabu yalikuwa yamekwisha tangulia. Hawa, Zaituni na Aisha walikuwako kabla ya Immacolata.

Sasa mtazame binti aliyesimama kwenye kisima cha ubatizo Ediofe. Jina lake la kwanza linasema: nilizaliwa katika taabu. La pili linasema: nimepewa msimamizi ambaye taabu ya Adamu haikumgusa. Baadhi ya watu wameandika juu ya majina ya ubatizo kana kwamba yalikuwa ufutio tu, mkono wa mgeni ukifuta jina la Mwafrika. Kuna mahali ambapo hilo lilitokea, na kuna mapadri walioyaona majina ya Kilugbara kuwa ya giza. Lakini kanuni ya mwaka 1917 yenyewe iliruhusu majina yote mawili yaandikwe, na watu wa West Nile waliitumia nafasi hiyo kikamilifu. Hawakuacha Candiru. Waliliweka Imakulata mbele yake, na jina zima likawa na pande mbili ambazo lugha moja peke yake isingeweza kuzibeba. Mimi naliona hilo kuwa kazi ya akili ya akina mama wa Kilugbara kuliko ya mapadri.

Sikio nalo lilisaidia. Kilugbara hupenda silabi zinazoishia na vokali, kama Kiswahili, na Kiitalia ndivyo kilivyo. Immacolata hutamkika Arua bila kuvunjwa popote, ilhali jina la Kiingereza lenye konsonanti mbili tatu mwishoni hulazimika kuongezewa vokali. Tahajia ndiyo iliyoyumba. Padri aliyeandika kitabu kwa Kilatini aliandika Immaculata kwa u. Sista wa Kiitalia aliyemwita binti darasani alisema Immacolata kwa o. Mwenye kuandika kwa mazoea ya lugha za nyumbani aliweka Imakulata kwa k, na herufi moja moja badala ya mbili. Kisha shule za Kiingereza zikaleta Immaculate, na hilo ndilo linaloongoza Uganda leo, kiasi kwamba wengi hawajui kwamba bibi zao waliitwa vingine.

Mwaka 1940 jina hilo lingeweza kupata aibu. Tarehe 10 Juni Italia iliingia vitani upande wa Ujerumani, na kwa usiku mmoja mapadri na masista Waitalia wa Uganda wakawa, kisheria, raia wa nchi adui. Cha ajabu ni kwamba katikati ya vita hivyo, mwaka 1942, Askofu Angelo Negri pamoja na Mama Angioletta Dognini walianzisha huko Gulu shirika la masista Waafrika, na wakalipa jina la Masista Wadogo wa Maria Imakulata. Wasichana wa kaskazini, ambao wazee wao walikuwa wamezoea kuhesabu mahari, sasa waliweza kuchagua maisha mengine kabisa chini ya jina hilo. Tangu hapo Imakulata halikuwa tena jina la mtu mmoja mmoja tu. Lilikuwa jina la kundi la wanawake waliofundisha, waliouguza na kuongoza wao wenyewe.

Mwaka 1958 Arua ikawa jimbo, na Angelo Tarantino akawa askofu wake wa kwanza. Lakini katika miaka hiyo hakuna aliyefanya kazi kubwa ya kumpandisha Maria katika West Nile kuliko Padri Bernardo Sartori. Alizaliwa mwaka 1897 Falzè, katika eneo la Treviso, na alimpenda Bikira Maria kwa namna ambayo hata mapadri wenzake waliistaajabia. Alijenga kanisa Lodonga, katika nchi ya Waaringa, ambao wengi wao ni Waislamu, na ndiyo leo wilaya ya Yumbe, jirani ya Koboko. Kanisa hilo liliwekwa chini ya Maria kwa cheo cha Sultana wa Afrika, na mwaka 1961 Papa Yohane wa 23 akalipandisha kuwa basilika. Kila Desemba 8, siku ya Immacolata, mahujaji humiminika Lodonga, wengine wakiwa wametembea kwa miguu siku kadhaa.

Sultana ni neno lisilohitaji mkalimani kwa Mwaaringa. Na kuna jambo ambalo sijaona likisemwa vya kutosha. Mwislamu wa Lodonga au wa Koboko anayeijua dini yake si mgeni kwa wazo lililomo ndani ya jina hili. Maryamu ana sura yake katika Kurani, ya 19, na katika mkusanyo wa Bukhari imo hadithi kwamba kila mtoto anapozaliwa huguswa na Shetani, isipokuwa Maryamu na mwanawe. Hiyo si sawa na tangazo la mwaka 1854, na mashehe na mapadri wote watakuambia hivyo. Lakini katika ukoo wa Kikakwa, ambamo ndugu mmoja ni Musa wa msikitini na mwingine ni Musa wa kanisani, heshima kwa Maryamu asiye na doa ni mahali ambapo shangazi wawili wanaweza kuketi na kuzungumza bila mmoja kumkwaza mwenzake.

Kisha ikaja miaka ya moto. Rais Idi Amin, mtu wa Koboko kwa upande wa baba yake, alianguka mwaka 1979. Oktoba 1980 askari wake wa zamani walivuka mpaka na kushambulia Koboko, na jeshi la serikali mpya likalipiza kisasi kwa raia. Karibu West Nile yote ilikimbilia Sudani na Zaire. Tarehe 24 Juni 1981 askari waliingia katika misheni ya Ombaci, nje kidogo ya Arua, ambako watu walikuwa wamekimbilia wakitumaini ulinzi wa msalaba, wakaua makumi ya watu. Padri Sartori, mzee aliyekwisha pita miaka 80, hakuondoka West Nile. Alikutwa amekufa kanisani Ombaci, mbele ya tabernakulo, siku ya Pasaka, tarehe 3 Aprili 1983.

Waliokimbilia Zaire waliingia katika nchi yenye vita vyake juu ya majina. Mwaka 1972 Rais Mobutu alikuwa amepiga marufuku majina ya Kikristo, na yeye mwenyewe akaacha Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko. Upande wa Uganda sheria ya namna hiyo haikuwapo. Kwa hiyo Walugbara wa Aru na Ariwara, ndugu kabisa wa Walugbara wa Arua, waliona jina Immaculée likiondoka katika karatasi za serikali huku binamu yao Imakulata, umbali wa mwendo wa baiskeli, akiandikwa waziwazi katika cheti cha shule. Nyumbani na kanisani wengi wa Zaire waliendelea kuitana kama zamani, hadi Aprili 1990 Mobutu alipolegeza. Mtoto wa Arua aliyebatizwa ng'ambo ile alirudi na jina la Kifaransa, na aliyebatizwa upande wa Yei, Sudani, alirudi na tahajia ya wamisionari wa Sudani, ambao wengi walikuwa vilevile wa mashirika ya Comboni.

Ndivyo ilivyo hadi sasa pale Koboko, ambako Uganda, Kongo na Sudani Kusini zinagusana na Wakakwa wamo katika nchi zote tatu. Dada watatu wa ukoo mmoja wanaweza kuwa Immaculate, Immaculée na Imakolata, na wote wana somo mmoja. Tangu uandikishaji wa vitambulisho vya taifa ulipoanza Uganda mwaka 2014, tofauti hizo za herufi zimekuwa shida ya kweli. Kitambulisho kikisema Immaculate na cheti cha ubatizo Immaculata, mwenye jina huombwa hati ya kiapo, na hiyo ina gharama yake, pesa ambazo mama muuza mihogo hana. Makarani wangefanya vema kujifunza kwamba hayo ni maandishi tofauti ya jina moja, kama wanavyokubali Yohana na John.

Mwezi Julai 2016 vita vilipofumuka tena Sudani Kusini, watu wa Yei walivuka kuja Koboko na Yumbe, na kambi ya Bidi Bidi ikafunguliwa Agosti mwaka huo, si mbali na Lodonga. Wengi wao ni Wakakwa na Wabari, watoto na wajukuu wa wale waliowapokea Wauganda mwaka 1980. Wamekuja na akina Keji na Poni wao, na akina Imakolata wao pia, na Desemba 8 ikifika huungana na mahujaji wengine kwenye njia ya basilika. Watoto wao waliozaliwa kambini wanabatizwa na mapadri wa Jimbo la Arua, na jina la ubatizo huandikwa kwa tahajia ya Uganda.